Dakika Kumi na Saba Angani

Kazini walimwita Dakika, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Lilianza kama utani. Mwaka wake wa kwanza katika kampuni ya ndege, rubani mmoja aliandika kwamba ametua saa nne kamili, naye akamfuata hadi kantini kumuuliza kama ilikuwa saa nne kamili kweli au saa nne na dakika mbili, maana mnara wa kuongozea ndege ulikuwa umesema mbili. Rubani akaweka kijiko chini. "Dada," akasema, "hizo dakika mbili unataka kuzipeleka wapi?" Meza nzima ikacheka, na kuanzia siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki la kutumia benki na hospitali tu.

Miaka kumi na moja baadaye alikuwa bado kwenye chumba kile kile cha ghorofa ya pili: meza tatu, makabati ya chuma, feni yenye kelele, na dirisha lililotazama maegesho ya magari, hivi kwamba mtu aliyeshinda kutwa akishughulika na ndege alizisikia tu bila kuziona. Kazi yake ilikuwa karatasi za safari. Kila ndege ilirudi na karatasi yake, na kila karatasi ilikuwa na nyakati nne: ndege ilipoondoka kwenye maegesho, ilipoacha ardhi, ilipogusa ardhi na iliposimama. Dakika alizikagua, akaziingiza kwenye kompyuta, akazipanga kwenye faili. Mtu mwingine angekufa kwa kuchoka. Yeye alizipenda kwa sababu hazikuwa na maneno mengi.

Siku moja mkuu wa kitengo, mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, alikuja akaegemea kabati.

"Ile njia yetu ya jijini," alisema. "Ratiba inasema saa moja na dakika thelathini na tano. Abiria wanasema sisi waongo. Mkurugenzi anataka kujua mwongo ni nani."

"Anataka hesabu ya miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

"Ya zamani haimo kwenye kompyuta, mkuu. Imo ghalani, kwenye maboksi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa kompyuta."

Kutoka mji wao hadi jiji lile la upande wa pili wa nchi ni kilomita elfu moja na arobaini ukienda angani. Kwa barabara ni elfu moja mia nne na sabini, kwa kuwa barabara huzunguka milima na kupitia kila mji mdogo uliopo njiani. Basi huondoka alfajiri na kufika kesho yake mchana, tena siku hiyo iwe imeamka vizuri. Dakika alizijua namba hizo kama alivyojua namba ya nyumba yao, kwani kaka yake mkubwa aliishi huko mwisho wa njia, na huko ndiko baba yao alikofia.

Akaanza na maboksi ya zamani zaidi. Alishuka ghalani kila asubuhi, kitambaa kimefungwa puani kwa ajili ya vumbi, akakaa kwenye kigoda na daftari mapajani. Wiki ya pili akaufikia mwaka aliojua utamfikia. Alikuwa amejiandaa kwa huzuni kidogo, ile ya kupita mbele ya nyumba mliyohama zamani. Akafunua karatasi, akaandika namba, akafunua nyingine, akaandika. Mkono wake ulikuwa umeshaandika na kufunua karatasi iliyofuata kabla akili haijaufikia, ndipo akarudi nyuma.

Karatasi ilikuwa ya ndege ya saa saba na nusu mchana, siku aliyokufa baba. Iliacha ardhi saa nane na dakika hamsini na moja. Iligusa ardhi saa kumi na dakika ishirini na saba. Chini, kwa mwandiko wa haraka: tairi la kushoto limebadilishwa kabla ya kuondoka.

Dakika alisoma mara tatu. Kisha akaangalia tarehe, akaangalia mwaka, akaangalia namba ya ndege. Kaka yake alikuwa ndani ya ndege hiyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye teksi.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka kumi na miwili nyuma, baba yao, karani mstaafu wa posta, alipelekwa kutibiwa hospitali kubwa ya jijini, akawa chini ya uangalizi wa kaka. Mama hakuweza kwenda; alikuwa ameanguka bafuni na mguu wake ulikuwa kwenye plasta, Dakika ndiye aliyemwogesha na kumgeuza. Hali ya baba ilikuwa mbaya lakini imetulia, na madaktari wakataka picha zake za zamani za kifua zilizokuwa nyumbani. Kaka akaja kuzichukua, akalala siku mbili, akaondoka na ndege ya saa saba na nusu. Jioni, saa moja, simu ikalia. Mama ndiye aliyeipokea. Kaka alisema baba amefariki, lakini alimkuta, alimshika mkono, na neno la mwisho lilikuwa hili: mwambieni Kitinda asimwache mama yake.

Kitinda ndiye yeye, kitinda mimba wa nyumba ile. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita na barua mkononi iliyomkubalia kwenda nje ya nchi kusomea utabiri wa hali ya hewa kwa ajili ya ndege, miaka miwili, safari ikiwa baada ya wiki tatu. Hakuna aliyemwambia asiende. Hapakuwa na haja. Maneno ya baba yalishasemwa, na wiki moja baada ya mazishi aliandika barua ya kukataa, akaipeleka posta mwenyewe. Mwaka uliofuata akapata kazi hii ya karatasi. Baadaye kidogo akatokea mhandisi mmoja, mtu wa maana, akahamishiwa kusini, akamwomba waende wote. Dakika akamweleza habari za mama. Mhandisi alisubiri mwaka mmoja na nusu, kisha akaoa hukohuko.

Jioni ile ya ghalani alirudi nyumbani, akamsalimia mama, akaingia chumbani na kushusha sanduku la hati. Cheti cha kifo kilikuwa chini ya hati ya nyumba. Saa ya kufa: saa kumi na dakika kumi alasiri.

Alikaa kitandani akapiga hesabu, maana ndivyo alivyojua kufanya. Ratiba ingefuatwa, kaka angetua saa tisa na dakika tano, na kwa teksi ya dakika arobaini angemkuta baba yu hai. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kushuku. Lakini ndege ilitua saa kumi na ishirini na saba. Baba alipokata roho, kaka alikuwa bado angani, na amebakiza dakika kumi na saba. Labda saa ya daktari haikuwa sawa? Dakika akamwongezea daktari nusu saa, akamwongezea na dakika ishirini nyingine. Bado kaka alikuwa njiani, ndani ya teksi.

"Unatafuta nini huko?" mama aliuliza kutoka sebuleni, mashine yake ya kushonea ikinguruma.

"Karatasi ya kazini, mama."

Hakumwambia kitu. Kesho yake aliomba tiketi ya wafanyakazi, na Jumamosi asubuhi akapanda ndege ya jijini akiwa na nakala ya karatasi ile kwenye mkoba.

Alikuwa amepanda ndege mara chache sana kwa mtu wa kazi yake. Alikaa dirishani, akatazama mawingu bila kuyatazama. Alikuwa amejaza kifua maneno makali, akiyapanga na kuyapangua. Lakini saa moja na dakika thelathini na tano ni muda mrefu mtu akiwa hana cha kufanya, na mahali fulani katikati ya njia akamwona kaka yake kwenye kiti kama kile, bahasha ya picha za kifua mapajani, akitazama saa, hajui kwamba anakokwenda hakuna tena anayezihitaji. Picha hiyo hakuipenda, maana ilimpunguzia makali. Akaisukuma pembeni.

Kaka yake alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba: majokofu sita yamepangwa milango wazi, nyaya, mitungi ya gesi, harufu ya risasi ya kuchomelea. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mojawapo, tochi mdomoni. Alipomwona aliitoa haraka.

"Kitinda? Mbona hukusema unakuja? Mama mzima?"

"Shikamoo, kaka. Mama mzima."

"Marahaba. Karibu ndani, wifi yako yupo."

"Hapa panatosha," Dakika alisema, akaitoa nakala na kuiweka juu ya jokofu.

Kaka akafuta mikono kwa kitambaa, akavaa miwani. Mistari ilikuwa michache, lakini aliisoma kwa muda mrefu. Nje mtu alipita akimsalimia, hakuitika.

"Tairi la kushoto," alisema mwishowe. "Sisi walituambia ni mafuta."

"Ulifika hospitali saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na robo."

"Ukamkuta?"

"Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya." Alivua miwani. "Nilidhani nimekosea wodi. Nilirudi mlangoni nikasoma namba. Muuguzi akaja na mfuko, una miwani yake, kandambili na ile redio ndogo. Nikamuuliza kama alisema chochote. Akasema alikuwa amelala tangu saa sita, hakuamka."

Dakika alikuwa ameyasubiri maneno hayo siku nne, na bado yalimpiga. Akakaa kwenye kasha la chupa.

"Kwa hiyo ulitunga."

"Mama alipopokea simu nikamwambia baba ametutoka. Hakulia. Hakuuliza ametutoka saa ngapi. Aliuliza kitu kimoja tu, alisema nini. Kama vile lazima awe amesema kitu. Nami nimesimama pale kwenye korido na mfuko wa kandambili. Ningemwambia nini, kwamba nimechelewa kwa sababu ya tairi? Nikamwambia amekutaja wewe, mama. Amesema usiachwe."

"Hilo ni la mama. Jina langu liliingiaje?"

Kaka aliangalia nyuma ya jokofu kana kwamba jibu liko huko.

"Lilitoka tu."

"Kaka."

"Ulikuwa unaondoka baada ya wiki tatu," alisema, sauti imeshuka. "Karakana hii nilikuwa nimeifungua miezi minne tu. Mama mguu uko kwenye plasta. Nikaona ukiondoka, ni mimi nitakayerudi nyumbani. Sikukaa nikapanga, Kitinda, nakwambia kweli. Lilitoka, na lilipokwisha kutoka nikaliacha."

"Ungeniambia baadaye. Hata mwaka mmoja baadaye."

"Baadaye ulishapata kazi. Nikasema moyoni, kumbe imekuwa heri."

"Kwa nani?"

Dakika alikuwa amekuja na hotuba nzima, kuhusu barua, kuhusu mhandisi, kuhusu miaka kumi na miwili ya kumuuliza mtu amekula nini na amekunywa dawa gani. Hotuba hiyo hakuitoa. Aliona kaka yake amezeeka shingo, na aliona pia kwamba kuzeeka kwake hakumrudishii yeye kitu.

"Ndege ya kesho ni saa nne asubuhi," alisema. "Utakuja umwambie mama mwenyewe."

"Mama ana miaka sabini na mmoja. Ana presha."

"Presha anayo, na masikio anayo."

Usiku huo alilala kwao, maana hakukuwa na pa kwenda. Wifi alimpa shuka safi, akasimama mlangoni akichezea ufunguo. "Mimi nilimwambia aseme," alisema. "Tangu mtoto wetu wa pili anazaliwa nilimwambia." Dakika akamshukuru kwa shuka. Kumbe hata wifi alijua.

Asubuhi, kwenye ndege, kaka alikaa amebana mkanda kama anashikilia mzigo, na ndege ilipoacha ardhi akafumba macho. Ndipo Dakika akakumbuka kwamba tangu mazishi ya baba kaka hakuwahi kuja nyumbani kwa ndege. Kila mara alikuja kwa basi, siku nzima na nusu, akifika amevimba miguu, nao wakamtania kwamba ni bahili. Hakumuuliza. Walitua bila kusema zaidi ya maneno kumi, na sita kati ya hayo yalihusu maji ya kunywa.

Mama alikuwa kwenye mashine yake, kando yake rundo la sare za shule zisizo na vifungo. Alipomwona mwanawe mlangoni, tena bila begi la maana, aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Basi kaa, usinisimamie kichwani."

Kaka akakaa. Dakika alisimama karibu na meza. Alikuwa ameazimia kutomsaidia hata kwa neno moja, na hakumsaidia. Kaka alieleza yote, kuanzia tairi hadi korido, akirudi nyuma mara mbili pale alipojaribu kuruka. Alipofika kwenye jina la Kitinda alilitaja na sababu yake, waziwazi, na kwa hilo Dakika alimpa heshima kidogo.

Mama alimsikiliza mikono ikiwa juu ya sare. Kaka alipomaliza, mama akauliza: "Kwa hiyo alikuwa peke yake."

"Muuguzi alikuwepo."

"Muuguzi gani?"

"Jina lake silijui, mama."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Mama akanyanyuka kwa kushika ukingo wa meza, akaingia chumbani, akafunga mlango. Walimsikia akiketi kitandani. Kaka alibaki kwenye kiti magoti yamegusana, kama mwanafunzi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na Dakika akaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeinywa. Alasiri mama alitoka, uso umeoshwa, akala mkate na yai, akarudi kwenye mashine na kushona vifungo hadi jua lilipopungua. Mama hakusema na mwanawe.

Alisema naye Jumatatu asubuhi, teksi ikiwa imeshapiga honi nje. Alimshika mkono wa shati.

"Uliniambia alinitaja," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikimjibu."

Mama akamwachia shati, akamwambia afike salama.

Dakika alichukua likizo siku hiyo. Alidhani mama atataka kulala, lakini mama alimwita akae upande wa pili wa mashine, mahali alipokaa utotoni akiokota sindano kwa sumaku.

"Hivi wewe ungekwenda?" mama aliuliza.

"Wapi?"

"Usijitie hamnazo. Huko kwenye masomo."

"Ningekwenda."

"Na mimi ningekuacha uende." Mama alikata uzi kwa meno. "Nilikuwa nimeshazungumza na mama yako mdogo aje akae nami. Alishafunga hata mizigo. Halafu siku moja nasikia umeandika barua ya kukataa. Nikasema, mtoto ameogopa ugenini, anausingizia mguu wangu. Nisimuulize, nitamtia aibu."

Dakika alimtazama. "Lakini maneno ya baba uliyasikia. Wewe ndiye uliyepokea simu."

"Niliyasikia. Yalikuwa ya baba yako, hayakuwa yangu. Wewe uliniuliza mimi?"

Hakuwa amemuuliza. Alijaribu kukumbuka hata siku moja ambayo aliketi na mama akamwuliza, mama, nifanye nini, na siku hiyo haikuwepo. Alikuwa ameichukua ile amri kama ilivyo, akaibeba, na katika kuibeba alikuwa amejivunia kidogo, ukweli usemwe, kwamba yeye ndiye mtoto aliyebaki. Tangu siku ile ya ghalani hesabu yake ilikuwa safi: kosa lote upande wa kaka. Sasa akaona kuna kipande kidogo hakijulikani kiwekwe wapi. Hakikumwondolea kaka kosa. Kilimkera tu.

"Mama, ungeniuliza na wewe," alisema.

"Ningekuuliza," mama alikubali. "Nipe ile sare yenye mkono mmoja."

Wiki ile Dakika alimaliza kazi ya mkuu wake. Kwa miaka kumi na mitano, safari ya jijini ilikuwa imechukua kwa wastani saa moja na dakika arobaini na nne, kutoka maegesho hadi maegesho. Mkuu alisoma, akacheka kwa ile sauti yake ndogo. "Kwa hiyo mwongo ni ratiba. Dakika tisa." Akamsifu mbele ya wenzake. Dakika akangoja wenzake watoke, kisha akamwambia anataka kwenda masomoni.

"Masomo gani, wewe wa umri huu?" mkuu aliuliza, bila ubaya.

"Ya hali ya hewa. Ile kozi ya miaka miwili hawanichukui tena, nimeshavuka umri. Lakini ipo ya miezi tisa, ya waangalizi wa hali ya hewa viwanjani."

"Ukirudi utataka kutoka kwenye chumba hiki."

"Nitataka dirisha linaloonyesha ndege."

Mkuu alijikuna shavu, akasema atamwandikia barua, na akaiandika kweli, ingawa ilichukua wiki tatu na kukumbushwa mara nne.

Kaka alipoambiwa kwamba mama atakaa kwake miezi tisa hakubisha. Alikuja kumchukua mwenyewe, na safari hii akapanda ndege kwa hiari. Mama, ambaye hakuwahi kuruka, alitaka kujua kila kitu kabla: kilomita ngapi, muda gani, choo kiko wapi, na je, wakichelewa watamwambia sababu ya kweli. Dakika alimpa jibu moja moja. Aliwasindikiza hadi mlango wa ukaguzi, akasimama mpaka fimbo ya mama ilipopotea nyuma ya kioo. Siku tisa baadaye naye akaondoka, upande mwingine, safari ya muda wa saa nne na nusu, ambayo alilala karibu yote kwa uchovu wa kufunga nyumba.

Kozi ilikuwa ngumu. Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote, na mwalimu wa hesabu alikuwa mdogo wake kwa miaka sita. Wiki za kwanza alishindwa kutofautisha aina mbili za mawingu ya juu ambazo vijana waliziona mara moja, akawa anatoka uwanjani na shingo inauma. Na yeye alikuwa bado hajamsamehe kaka yake. Walizungumza kuhusu dawa za mama na nguo za mama, na wakimaliza hayo waliagana. Labda siku moja yangeongezeka, labda yasingeongezeka. Hakulifuatilia.

Mwezi wa tatu mama alimpigia simu, mchana, wakati wa mapumziko.

"Tulikwenda hospitali jana," alisema.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nilimwambia kaka yako anipeleke nikaone alipofia baba yako. Tumeuliza habari za yule muuguzi, hakuna anayejua, wauguzi wa wakati ule wengi wameshastaafu. Wodi yenyewe siku hizi wameifanya stoo ya mashuka. Mtunza stoo, mama mmoja mpole, akatufungulia. Kaka yako akanionyesha, kitanda kilikuwa hapa, dirisha la pili. Nikamwambia anisubiri nje."

"Ukafanya nini?"

"Nikakaa kwenye mashuka nikazungumza na baba yako."

"Ukamwambia nini?"

"Hayo ni yetu." Mama alikohoa kidogo, mbali na simu. "Nilikaa sana, hata yule mtunza stoo akaniletea maji. Kaka yako nilimkuta koridoni macho mekundu. Nikampa begi anibebee, tukaenda zetu."

Dakika alisimama kwenye ukumbi wa bweni, simu sikioni.

"Mguu haukuuma?"

"Uliuma. Huko kwenu kuna baridi?"

"Leo ipo. Upepo umegeuka tangu asubuhi."

"Vaa sweta. Na wifi yako anasema ameona sare za watoto wake nimezipunguza sana mikono, mimi namwambia watoto hao ndio wenye mikono mifupi. Usiniambie na wewe umeanza kumtetea."

"Sijasema kitu, mama."

Waliongea mpaka kengele ilipolia. Saa nane kamili alitakiwa awe uwanjani kusoma kipima joto na kukadiria urefu wa mawingu, na mwalimu yule kijana hakuwa mtu wa kusubiri. Akachukua daftari, akavaa sweta, akatoka.